Kutenganisha Yakini na Shaka: Jinsi ya Kuyachunguza Mawazo Kabla ya Kuyafuata

Kazi itakayoelezwa hapa inahitaji daftari jembamba la skuli, kalamu, na robo saa ya utulivu kwa siku, ambayo wengi wetu hapa Pemba huipata baada ya Isha watoto wakishalala. Asiyejua kuandika anaweza kuifanya kwa kumsimulia mtu anayemwamini, mradi mtu huyo awe na subira ya kusikiliza bila ya kukimbilia nasaha. Lengo ni kukuonyesha kwamba baina ya jambo lililokufika na tendo ulilolitenda kulikuwa na kauli uliyojiambia moyoni, mara nyingi kwa kasi hata hukuisikia, na kwamba kauli hiyo inaweza kuitwa mbele na kuulizwa ushahidi wake kama linavyoulizwa dai jengine lolote.

Anayedhani kuwa haya ni mambo mageni asome habari za Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa Balkh, katika Afghanistan ya leo, na kufariki mwaka 934. Yeye aliandika kwamba kama vile mtu mwenye busara anavyoweka dawa kwa ajili ya maradhi ya ghafla ya mwili, ndivyo anavyopaswa kukusanya fikra njema wakati moyo umetulia ili azitumie pindi moyo unapochafuka. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, katika miaka ya 1960, daktari wa maradhi ya akili Aaron Beck, huko Philadelphia nchini Marekani, aliona kuwa wagonjwa wake wenye huzuni nzito walikuwa wakipitiwa na mawazo mafupi ya kujidharau ambayo hawakuyataja mpaka walipoulizwa. Matibabu aliyoyajenga juu ya uchunguzi huo ndiyo asili ya hatua nyingi zinazofuata. Kutoka kwa al-Balkhi tuchukue sharti la wakati: usianze kujifunza kazi hii siku uliyogombana au uliyofiwa. Anza siku ya kawaida, kama mvuvi anavyozishona nyavu zake akiwa pwani.

Hatua ya kwanza: chagua jambo moja, dogo na la karibuni

Usiandike "maisha yangu" wala "ndoa yangu". Chagua jambo lililotokea wiki hii, mahali unapopakumbuka, ambapo ulitenda au uliacha kutenda kitu na baadaye ukajilaumu. Jambo likiwa kubwa mno, kalamu itakimbilia hukumu na kuacha kisa.

Nitatumia mfano wa mama mmoja wa upande wa Micheweni, ambaye kisa chake nimekibadilisha vya kutosha asitambulike. Analima mwani, na pamoja na wenzake ishirini wana kikundi kinachotengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi na karafuu. Mama huyu hesabu anazijua kwa kichwa. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba sabuni wanayoiuza shilingi 1,500 inakula shilingi 1,400 za mafuta, magadi na karatasi ya kufungia, kabla ya kuhesabu hata siku moja ya kazi ya mtu. Kwa muda wa miezi minane alilijua hilo na hakulisema kikaoni.

Hatua ya pili: liandike jambo hilo katika mistari mitano

Mstari wa kwanza ni tukio, yaani kile ambacho mtu aliyekuwa dirishani angekiona na kukisikia. Wa pili ni kauli uliyojiambia, kwa maneno yale yale, hata yakiwa ya kuaibisha. Wa tatu ni hisia pamoja na hali ya mwili, wa nne ni kitendo, na wa tano ni matokeo, kwako na kwa wengine. Ukurasa wa kwanza wa mama wa sabuni ulikuwa hivi:

"Jumamosi, kikao. Mwenyekiti aliuliza nani ana la kusema juu ya bei.
Nikisema watanicheka, mimi sikumaliza hata darasa la saba.
Soni na hofu. Moyo ulinidunda, viganja vikatota jasho.
Niliinama nikawa nahesabu miyaa ya mkeka. Sikusema.
Bei ilibaki ile ile. Nilirudi nyumbani na hasira nikamgombeza mtoto kwa kumwaga maji."

Mstari wa tano ndio unaosahauliwa sana, na kwa maoni yangu ndio wenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu unaonyesha jinsi wazo linavyojitengenezea ushahidi wake lenyewe. Mama huyu aliponyamaza kikao baada ya kikao, wenzake walizoea kuwa hana la kusema, wakaacha kumuuliza na hata kumtazama zamu ya maoni ilipofika. Naye aliuona ukimya ule wa wenzake kuwa ni dalili kwamba neno lake halina uzito. Hakuna aliyemcheka hata mara moja, lakini kila kikao kilimthibitishia kwamba angechekwa.

Hatua ya tatu: usichanganye wazo na hisia

Hapa lugha yetu inatutega. Neno "nahisi" tunalitumia kwa vitu viwili vilivyo mbali: mtu husema "nahisi baridi", kisha akasema "nahisi hawanitaki". La kwanza ni hali ya mwili na halina ubishi, kwani mwenye baridi ndiye anayejua baridi yake. La pili ni dai juu ya mioyo ya watu wengine, nalo linaweza kuwa kweli au uongo. Ndivyo ilivyo pia kwa "naona kama", ambayo mara nyingi huwa hakuna kilichoonekana.

Kipimo chepesi ni hiki: hisia huwa neno moja, kama vile hofu, soni, huzuni, hasira, kijicho, majuto, upweke au fedheha. Ikiwa ulichokiandika katika mstari wa tatu kinahitaji neno "kwamba", basi hicho ni kauli na kipandishwe mstari wa pili. "Nahisi kwamba mume wangu ananidharau" si hisia. Hisia yake huenda ni huzuni, huenda ni hasira, na pengine ni hofu ya kuachwa, na kila moja kati ya hizo humpeleka mtu kwenye kitendo tofauti. Mwenye hasira atajibu kwa ukali, mwenye hofu ataanza kupekua simu, na mwenye huzuni atalala mapema na chakula kibaki chunguni.

Usijaribu kuifuta hisia kwa kuiamrisha. Kumwambia mtu "usiogope" ni sawa na kumwambia "usitoke jasho". Mlango ulio wazi uko kwenye mstari wa pili na wa nne, yaani kauli na kitendo, na hisia hufuata nyuma kwa wakati wake.

Hatua ya nne: tenganisha yakini na shaka

Waliosoma fiqhi wanaijua kanuni isemayo kuwa yakini haiondoshwi na shaka: aliye na uhakika wa udhu wake kisha akashuku kama umetenguka, hubaki katika uhakika wake mpaka apate uhakika wa kinyume chake. Kanuni hii iliwekwa kwa ajili ya ibada, lakini mizani yake inafaa kwa kazi yetu, nami nimeona watu wanaielewa upesi kuliko maelezo yoyote ya vitabu vya saikolojia.

Chora mstari katikati ya ukurasa mpya na juu yake uandike ile kauli. Upande wa kulia weka yakini, yaani yale uliyoyaona kwa macho au kuyasikia kwa masikio, na upande wa kushoto weka shaka na dhana. Mama wa sabuni alipofanya hivyo, upande wa yakini ulikuwa na mambo matatu tu: hakumaliza darasa la saba, mwaka juzi mwanamke mmoja alikosea hesabu kikaoni na wawili wakacheka, na mwenyekiti aliwahi kumwomba yeye, pembeni, amhakikishie jumla ya mauzo ya mwezi. Upande wa dhana ulijaa mpaka chini: watanicheka wote, watasema najifanya, mwenyekiti atakasirika, nitasahau maneno, nitatajwa kijiji kizima.

Kisha uliza maswali machache, na uyajibu kwa maandishi. Je, ungemwambia nini shoga yako kama kauli hii ingekuwa yake? Je, kuna tafsiri nyengine ya tukio lile lile? Na ikiwa dhana mbaya kabisa itatokea, itakugharimu nini hasa, na kwa siku ngapi? Baada ya hapo, pima unaiamini ile kauli kwa kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 100. Yeye aliandika 90 kabla ya kuyajibu maswali na 60 baada yake. Sitini bado ni nyingi, na hilo halina tatizo, kwa kuwa kazi ya karatasi peke yake haimalizi jambo. Watu wanaokwama huwa wamekwama hapa, wakijaza madaftari kwa miezi bila ya kuinuka mkekani.

Hatua ya tano: teremka mpaka kwenye imani iliyo chini

Hatua hii si ya kila siku. Itumie unapoona kauli za namna moja zinarudi katika kurasa nyingi. Ichukue kauli na uiulize: "Na ikiwa ni kweli, kwangu mimi maana yake nini?" Mama alijibu hivi: watanicheka, maana yake nitaonekana sijui, maana yake nitakuwa nimejipandisha nisipostahili, maana yake mimi si mtu wa kusikilizwa. Jibu la mwisho hakulipata kikaoni. Alilipata utotoni, alipokuwa mdogo kuliko ndugu zake wote na kila alipofungua mdomo aliambiwa "wacha wakubwa wazungumze".

Tahadhari moja inahitajika hapa. Malezi yetu yana adabu ya kunyamaza ambayo ni njema, na mwongozo huu haumtaki mtu awe mjuvi. Kuwa na haya ni sifa. Lakini haya humzuia mtu na lisilofaa kusemwa, ilhali kinachomzuia mtu kusema kwamba kikundi kinapata hasara ni soni. Wakubwa wetu wenyewe walizitofautisha, ijapokuwa siku hizi maneno hayo mawili tunayatia katika kapu moja.

Hatua ya sita: fanya jaribio dogo, na uandike utabiri kabla yake

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na vyanzo vinne: kulifanya jambo mwenyewe na likafanikiwa, kumwona mtu aliye kama yeye akilifanya, kutiwa moyo na wengine, na namna anavyoisoma hali ya mwili wake. Chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza. Ndiyo maana sifa tunazomwagia kijana mwenye woga hazimsaidii sana, na tendo moja dogo alilolimudu humsaidia.

Jenga ngazi yenye vipandio vifupi. Kipandio cha kwanza cha mama kilikuwa kumwambia mwenzake mmoja hesabu ya sabuni wakiwa mwanini, maji yalipokupwa wakati wa bamvua, wanafunga tai-tai, yaani vikamba vifupi vya kushikia mwani, kwenye kamba. Cha pili kilikuwa kumwonyesha mwenyekiti karatasi peke yake. Cha tatu, kuuliza swali moja kikaoni, swali tu, bila ya kutoa rai. Kwa kila kipandio aliandika kwanza anachotabiri kitatokea, na baada ya kukifanya aliandika kilichotokea. Usiruke sehemu ya utabiri, maana akili iliyozoea hofu ni hodari wa kusahau kwamba ilikosea.

Siku ya swali alitabiri kicheko. Alisema, akiwa bado ameinama: "Samahani Mwenyekiti, hii shilingi mia inayobaki, ndiyo ya kulipia kuni?" Kikao kilinyamaza, na kwa mujibu wa daftari lake, kunyamaza kule ndiko kulikomtisha kuliko kicheko. Kisha mwanamke aliyekaa karibu na mlango akasema, "Hebu rudia, bi." Alirudia. Bei haikubadilika siku ile. Ilibadilika baada ya vikao viwili, na kulikuwa na waliokasirika, kwa kuwa wateja wengine walipungua. Jaribio linaweza kuleta jibu ambalo si tamu wala chungu.

Kuhusu kukwepa

Ni lazima nilitaje jambo hili peke yake kwa sababu ndilo linalorudisha nyuma kazi yote. Tunapokikwepa kitu tunachokiogopa, tunapata nafuu papo hapo, na nafuu ile inaifundisha akili kwamba kukwepa ndiko kulikotuokoa. Mwenye wasiwasi wa udhu anaijua hali hii vizuri: huosha mkono mara ya tatu, akatulia kidogo, kisha shaka ikarudi na nguvu zaidi, akaosha mara ya saba, na jamaa wameshatoa salamu msikitini. Kila anaporudia, huipa shaka heshima isiyostahili. Madaktari wanaotibu hali hii humfundisha mgonjwa kuacha kurudia na kuistahamili dhiki mpaka ishuke yenyewe, nayo hushuka, ijapokuwa dakika za mwanzo huonekana ndefu. Ukikwepa kipandio cha ngazi yako, usijitukane. Kifupishe, halafu ukipande.

Pale ambapo hofu iko sahihi

Kuna wauza maneno wa siku hizi wanaofundisha kuwa ukiwaza mema yatakuja mema na ukiwaza mabaya umeyaita. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Aina ya mwani yenye bei nzuri hufa maji ya bahari yanapopata joto kupita kiasi, na hakuna fikra inayoyapoza maji. Anayemwambia mkulima kwamba umasikini wake uko kichwani anamdhulumu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi, na hesabu rasmi ya maiti ilipita 200. Tangu hapo wako watu ambao hawawezi kuikaribia gati bila ya kutetemeka. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja wa namna hiyo, nikiwa na ngazi yangu ya vipandio niliyoipanga kwa fahari. Tulipofika bandarini alinionyesha kwa kidole bila ya kusema kitu: watu walikuwa wamekaa juu ya magunia mpaka kwenye njia ya kupitia. Upande wake wa yakini ulikuwa umejaa, na wangu ndio uliokuwa na dhana. Tulirudi, tukasafiri siku ya pili yake kwa chombo chengine. Kauli yake "nikipanda chombo chochote nitazama" ilikuwa ya kuchunguzwa, na kauli yake "nisipande hiki" ilikuwa ya kufuatwa. Ukiona ushahidi unaiunga mkono hofu yako, acha daftari na ushughulikie hatari yenyewe.

Imani za jamii nzima

Mistari mitano hiyo hiyo inaweza kutumika kwa kikundi au kijiji. Mwaka 1948 Robert Merton, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alitoa mfano wa benki iliyo nzima ambayo wateja wake waliamini kuwa inafilisika, wakaenda wote kutoa fedha, nayo ikafilisika kweli. Kikundi chochote cha kuweka na kukopa kinaweza kuvunjwa hivyo kwa uvumi wa siku moja.

Sisi tuna mfano wetu. Mwaka 1995 habari za Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, zilianza hapa Pemba na kufika Unguja, na watu walilala nje kwa makundi wakiota moto mpaka alfajiri. Simpi mtu imani wala simnyang'anyi, lakini yako mambo mawili ya yakini. Kwanza, iko hali inayojulikana na madaktari, ambayo mtu huamka huku viungo bado vimelala, akahisi amekandamizwa kifuani na kuona kivuli chumbani, na kukosa usingizi huizidisha hali hiyo. Kwa hiyo hofu inayowakesha watu inaweza kuongeza idadi ya wanaokandamizwa. Pili, Mjini Unguja watu walimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kudhani kuwa ndiye. Unapoandika jambo la jamii, ongeza mstari wa sita: nani ataumia ikiwa kauli hii ni uongo?

Wakati wa kutafuta msaada

Daftari halitoshi kwa kila hali. Ikiwa huzuni imeendelea takriban kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikiwa umeacha kula au kulala, ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ikiwa umefikiria kujidhuru, usingoje ukurasa ujao. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, na mwende hospitali iliyo karibu, iwe ya Chake Chake, Wete au Mkoani. Kwa upande wa Unguja iko Kidongo Chekundu, ambayo ndiyo hospitali ya maradhi ya akili. Kusomewa Kurani na kwenda kwa daktari havipingani, na dawa ulizoandikiwa usiziache bila ya kuzungumza naye. Ukienda, chukua daftari lako. Jinsi unavyolala, unavyokula na unavyopitisha siku ndiyo mambo utakayoulizwa mwanzo, na utakuwa umeshayaandika katika mstari wa tatu na wa nne, pamoja na tarehe zake.